Taa Ndani ya Tembe: Safari ya Singida na Nuru ya Maandiko



Maandiko Matakatifu yaanza kwa nuru, na yaisha kwa nuru. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo Mungu anena, na nuru yatokea; katika sura ya mwisho ya Ufunuo usiku umekwisha, wala hapana mtu ahitajiye taa. Kati ya sura hizo mbili neno hili larudi mara nyingi, katika Zaburi, kwa manabii, katika Injili na nyaraka za mitume, hata masikio yetu yamelizoea. Na neno lililozoewa na masikio hupita upesi bila kuingia moyoni. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwachukua wasomaji wetu katika safari ya nchi ya Singida, tupate kulitazama neno hili kwa macho: njiani, juu ya mawe, kando ya ziwa, na zaidi ya yote ndani ya nyumba.

JUA LA NJIANI

Msafiri ajaye kwa reli ya kati hushuka Manyoni. Kutoka hapo njia yaelekea kaskazini, kadiri ya kilometa 120, kupitia Ikungi mpaka mji wa Singida. Mwanzo wa safari ni vichaka vya miiba vilivyofungamana. Kisha nchi yafunguka, na mawe makubwa ya kijivu yaanza kuonekana, mengine yamepandana kana kwamba mtu ameyapanga kwa mkono. Mvua ya nchi hii ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Miezi mingine yote ni jua na upepo. Mtu wa Singida ajua jua ni nini. Ndilo likaushalo mtama na uwele wake, tena ndilo limwuwalo ng'ombe wake maji yakikosekana.

Si ajabu basi kwamba mababu wa nchi zetu walipotaka kumtaja Mungu walilitazama jua. Kwa Wachaga neno Ruwa ni jua, tena ni jina la Mungu. Kwa Wairaqw wa Mbulu, walio jirani za Singida upande wa kaskazini, neno Looa latumika vivyo hivyo. Hatuwacheki wazee hao. Walitafuta kitu kilicho juu ya watu wote, chenye kuwapa wote bila kuuza, wakakiona kila asubuhi.

Lakini msomaji afungue Mwanzo sura ya 1, ahesabu siku. Nuru yaumbwa siku ya kwanza. Jua, mwezi na nyota zawekwa siku ya nne. Tena mwandishi halitaji jua kwa jina lake, bali aliita mwanga mkubwa, na mwezi aliuita mwanga mdogo. Kwa nini? Kwa sababu Waisraeli walikaa kati ya mataifa makubwa, Misri na Babeli, yaliyoviabudu vitu hivi. Mwandishi asema kwa upole lakini kwa nguvu: hilo mlisujudialo ni taa tu, yuko aliyeitundika. Nuru ilikuwapo kabla ya jua, na katika Ufunuo sura ya 21 nuru yakaa baada ya jua kuwa halina kazi tena. Hilo ndilo fundisho la kwanza la safari yetu: nuru isemwayo na Maandiko ni kubwa kuliko jua, nayo yatoka kwa Mungu mwenyewe.

CHUMVI, MLIMA NA MJI

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singida na Kindai. Maji yake ni ya chumvi. Kiangazi kikizidi, maji hupungua, na kandokando hubaki weupe uliokauka juu ya udongo. Ndege waitwao heroe, wenye miguu mirefu na manyoya ya rangi ya waridi, husimama majini wakitafuta chakula chao. Nyuma yake ni mawe, na juu ya mawe na miinuko ni nyumba za watu. Aingiaye usiku kutoka nchi tambarare huziona taa za mji tokea mbali, kabla hajaona nyumba hata moja.

Tuliposimama kando ya ziwa tulikumbuka hotuba ya Bwana wetu mlimani, katika Mathayo sura ya 5. Hapo anawaambia wanafunzi wake mambo matatu mfululizo: kwamba wao ni chumvi, kwamba wao ni nuru, na kwamba mji uliojengwa juu ya mlima hauna mahali pa kujificha. Watu wengi huyasoma kama mifano mitatu iliyokusanywa tu. Lakini anayesimama Singida aona yote matatu kwa kutazama mara moja, na aona jinsi yanavyofungamana. Chumvi hufanya kazi ikiwa imefichwa. Ikisha kutiwa katika chakula haionekani tena, yaonjwa tu. Nuru hufanya kazi ikiwa imeonekana. Ikifichwa haifai kitu. Mkristo ahitaji yote mawili. Yako mema yapasayo kutendwa kwa siri, kama sadaka na kufunga. Na yako mema yapasayo kutendwa waziwazi, ambayo mtu akiyatenda kwa siri ameyaharibu. Ni yapi hayo? Tutaona mbele.

BIBI NA SINDANO

Kutoka mjini tulikwenda kaskazini, upande wa Iramba, tukiwa pamoja na mwalimu wa kigango kimoja. Zamani katika nchi hii yote nyumba zilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, mlango mfupi, na madirisha hapana, au tundu dogo tu. Nyumba hiyo ni ya akili. Upepo hauingii, joto haliingii, na zamani mnyama mkali wala adui hakuingia kwa urahisi. Lakini nuru nayo haiingii. Siku hizi nyumba za bati na madirisha ni nyingi, na juu ya mapaa twaona vibao vidogo vya umeme wa jua. Hata hivyo tembe hazijakwisha.

Katika tembe mojawapo tulimkuta bibi mzee, mjane, akaaye peke yake. Ilikuwa yapata saa nne ya asubuhi, na jua limewaka. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika, "Marahaba, wanangu, karibuni ndani." Tukainama, tukaingia. Ndani, kibatari kilikuwa kinawaka.

Mwalimu akamwuliza, "Bibi, mbona mafuta yanaungua bure mchana?"

Bibi akacheka. "Mwanangu, jua ni la nje. Sindano yangu imeanguka humu ndani."

Tangu siku hiyo hatujasoma Luka sura ya 15 bila kumkumbuka. Huko Bwana asimulia habari za mwanamke mwenye sarafu kumi, aliyepoteza moja. Wenye kukaa katika nyumba za madirisha makubwa huuliza, kwa nini anawasha taa kabla ya kufagia? Mtu wa tembe haulizi. Nyumba za maskini wa Palestina zilikuwa na mwanga haba kama tembe zetu, na kitu kikianguka sakafuni, mchana na usiku ni sawasawa. Taa yao ilikuwa kitu kidogo cha udongo, chenye mafuta ya mzeituni na utambi, si kubwa kuliko kiganja cha mkono. Nuru ya namna hiyo haiwezi kushindana na jua, wala haikutengenezwa kwa shindano hilo. Kazi yake ni kuingia mahali ambapo jua haliingii.

Vivyo hivyo twaelewa neno la taa na pishi. Bwana asema hakuna mwenye akili awashaye taa kisha akaifunika kwa chombo cha kupimia nafaka. Fikirini kwamba hakutaja jiwe wala chungu, bali kipimo. Kwa pishi watu hununua na kuuza, hukopesha na kudai. Na Marko, katika sura ya 4, aongeza kitanda. Yaweza kusemwa kwamba vyombo hivi viwili ndivyo vizimavyo imani katika nyumba nyingi: biashara, na usingizi. Nasi twasema, taa haizimwi siku zote na upepo wa nje. Mara nyingi hufunikwa na mwenye nyumba mwenyewe.

MACHO MEKUNDU

Tulipotoka kwa bibi huyo, mwalimu alitueleza jambo lililotuhuzunisha. Macho ya bibi yalikuwa mekundu. Nasi tulijua sababu, kwa kuwa tulikuwa tumekaa mle ndani robo saa tu na macho yetu yalikuwa yamekwisha anza kutoka machozi: ni moshi wa kuni na wa samadi katika nyumba isiyo na pa kutokea moshi, miaka zaidi ya 50. Lakini jirani zake walisema sababu nyingine. Katika nyumba ya pili, nyumba ya Wakristo waliobatizwa, wasiokosa ibada ya Jumapili, mtoto alikuwa amekufa kwa homa. Baba wa mtoto alimzika kwa sala za Kanisa mchana. Usiku alikwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hakutaja jina, alisema tu, "Mtazame jirani mwenye macho mekundu." Tangu hapo nyumba ile haikumwamkia bibi, wala watoto hawakuruhusiwa kupita mlangoni pake.

Wasomaji wetu wajua ya kwamba jambo hili si dogo. Katika nchi ya Wasukuma, iliyopakana na Iramba, na mahali pengine pengi pa Tanzania, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu. Moshi wa jiko, aliowapikia nao wanawe na wajukuu, umekuwa ushahidi wa kumwua.

Hapa na tusome Mathayo sura ya 6. Bwana afundisha ya kuwa jicho ni kama taa kwa mwili mzima, nalo likiwa bovu, mtu mzima amo gizani. Basi tuulize: jicho bovu ni la nani? La mama mzee aliyefukizwa na moshi, au la yule amtazamaye na kumwona mchawi? Na Yohane, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2, atoa hukumu iliyo wazi kabisa: mtu anenaye kwamba yumo nuruni, naye anamchukia ndugu yake, hajatoka gizani bado, wala hajui aendako. Hasemi kwamba giza ni ujinga wa kusoma. Hasemi kwamba giza ni nyumba isiyo na madirisha. Asema giza ni chuki.

HABARI ZA MIAKA YA 1946 NA 1947

Nchi ya Singida ina sababu ya kulielewa neno hili kupita nchi nyingine. Katika miaka ya 1946 na 1947 msiba mkubwa uliwapata Wanyaturu. Watu wengi walikutwa wameuawa, na maiti zao zilionekana kana kwamba zimeraruliwa na simba. Serikali ya Waingereza ilipochunguza ilisema kwamba wauaji walikuwa binadamu, waliovaa ngozi za simba; ndio walioitwa watu-simba. Wengine walishtakiwa, wakahukumiwa, wakanyongwa. Miaka mingi baadaye, watu wa elimu walioitazama tena habari hiyo hawakupatana: vifo vingapi vilitokana na simba wa kweli, na vingapi vilitokana na mikono ya watu.

Hatutaki kuamua neno hilo hapa. Twataka wasomaji waone jinsi giza lifanyavyo kazi. Giza la kwanza ni la mwuaji, apendaye usiku kwa sababu usiku wamficha. Giza la pili ni la shahidi, ajuaye kitu naye ananyamaza kwa hofu. Giza la tatu ni la jirani, asiyejua kitu, lakini amekwisha kuhukumu moyoni. Hata mwuaji akikamatwa, giza la pili na la tatu laweza kubaki katika nchi miaka mingi. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso sura ya 5, asema matendo ya giza hayazai matunda, na kwamba kazi ya nuru ni kuyafunua. Kufunua ni kuleta ukweli, ule ule umwokoao aliyedhulumiwa na kumhukumu aliyedhulumu. Mpiga ramli hafunui kitu. Anena kwa mafumbo usiku, halafu akuachia wewe panga.

MTU ALIYEKUJA USIKU

Injili ya Yohane ina habari ya mtu mmoja, ambayo twaomba isomwe katika kila nyumba. Nikodemo alikuwa mwalimu wa Israeli. Katika sura ya 3 amwendea Yesu usiku, maana aliogopa kuonekana. Bwana hakumfukuza, alimpokea usiku ule ule, akamfundisha habari za kuzaliwa upya, na habari za watu wapendao giza kwa sababu matendo yao hayataki kuonekana. Katika sura ya 7 Nikodemo athubutu kusema neno moja katika baraza, kwamba si haki kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa, wenzake wamkemea. Katika sura ya 19, Yesu amekwisha kufa msalabani na mitume wengi wamekimbia. Ndipo Nikodemo aja waziwazi, pamoja na Yusufu wa Arimathaya, akichukua manemane na udi kwa wingi, ili amzike Bwana wake kwa heshima.

Tazameni mwendo wake: kwanza usiku, kisha neno moja barazani, kisha hadharani mbele ya watu wote. Na neno lile la barazani ndilo lililokosekana katika kijiji chetu, kwamba mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Hili ndilo jema tulilolitaja kando ya ziwa, lile lisilofaa kutendwa kwa siri. Kumpenda jirani aliyeshutumiwa moyoni tu, huku mlango umefungwa, ni kuifunika taa kwa pishi.

Mwalimu wa kigango hakuihubiria nyumba ile. Alifanya jambo dogo. Aliiomba jumuiya yao ifanye sala ya Jumamosi jioni ndani ya tembe la bibi. Mara ya kwanza walikuja watu wanne. Baba wa marehemu alikuja mwishoni, akasimama nje ya mlango, hakuingia. Mara ya pili mama wa mtoto aliingia, akaketi karibu na mlango, akalia. Bibi alinyanyuka akaenda kuketi kando yake, wala hakusema kitu. Baada ya miezi miwili mwalimu alitupasha habari kwamba mtoto mmoja wa nyumba ile alitumwa asubuhi kwa bibi kuomba kaa la moto, naye alipewa. Hatusemi kwamba yote yamekwisha. Lakini kila aliyelelewa kijijini ajua maana ya kuomba moto: hapana mtu aombaye moto kwa adui.

MSHUMAA WA PASAKA

Kuna usiku mmoja katika mwaka ambao Kanisa lenyewe lakaa gizani kwa makusudi. Ni mkesha wa Pasaka. Taa zote zimezimwa. Nje moto wawashwa, na kutoka katika moto huo mshumaa mmoja. Katika nchi ya upepo kama Singida, mwenye kuuchukua huukinga kwa mkono wake, watu wakitazama kwa wasiwasi. Kisha moto wapita kutoka mkono hata mkono, mpaka kanisa lote limejaa nuru. Na ajabu yake ni hii: mshumaa wa kwanza haukupungua. Nafaka ukimgawia jirani, pishi lako lapungua. Nuru ukimgawia, nyumba zote mbili zaonekana.

Wengi hawajui kwamba kwa miaka mingi ibada hiyo ilifanyika Jumamosi asubuhi, jua likiwaka. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu mwaka 1951 irudishwe usiku, na tangu mwaka 1956 ikawa sheria kwa wote. Vizuri ilirudishwa, kwa kuwa mshumaa uwashwao mchana hauwezi kumfundisha mtu alivyo mhitaji wa nuru. Na mtoto abatizwapo, mshumaa wake huwashwa kutoka katika ule wa Pasaka, ukatiwa mikononi mwa wazazi na wasimamizi wake. Ninyi wazazi mliopewa mshumaa ule, mliutunza wapi?

KWA WAZAZI NA WALIMU

Mwisho wa safari tulipita katika mashamba ya alizeti, ambayo Singida yajulikana kwayo. Ua changa la alizeti hulifuata jua, asubuhi mashariki, jioni magharibi. Likisha komaa haligeuki tena. Hukaa likielekea mashariki, na uso wake umeinama kwa uzito wa mbegu. Na katika mbegu hizo mna mafuta. Twadhani ndivyo Mkristo akomaavyo: hasukwi huku na huku, ana cha kuwapa wengine.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu mwezi huu.

Kwanza, jioni moja zimeni taa zote nyumbani, someni habari za Nikodemo katika sura zile tatu kwa nuru ya taa moja, kisha waulizeni watoto: alibadilika wapi, na kwa sababu gani?

Pili, mtu akifiwa katika kijiji chenu, msimwache peke yake usiku wa kwanza. Usiku huo ndio auendeao mpiga ramli, kwa sababu hapana mwingine aliyekuja. Nendeni ninyi, mkakae naye, na taa yenu.

Tatu, mtafuteni mzee mmoja ambaye watu wapita mbali na mlango wake. Mwamkieni mchana, watu wakiona. Ingieni. Kaeni kidogo katika moshi wake, nanyi mtajua kwa nini macho yake ni mekundu.

Bwana wetu awe nuru ya nyumba zenu. Amina.